Mitungi Kumi na Miwili

Jumamosi, Mwakirunge. Trekta limepiga goti
kama mbuzi aliyegoma njiani;
gurudumu la nyuma, la kulia, limelalia tumbo.
Fundi wa Kisauni kataka elfu sita,
na nauli ya kompresa mbali.
Nikamwambia, baki nayo kompresa yako.

Nina jeki ya lori, mitaimbo miwili,
nyundo ya kilo saba, kipande cha sabuni,
na Kasichana, kidato cha pili,
ambaye kazi yake leo ni kuruka.
"Ruka ukingoni, si katikati."
Anaruka. Tairi halitaki kuachana na rimu.
Miaka minane wamelala pamoja,
na kutu ndiye kadhi aliyewafungisha.
Anaruka huku akisoma meza ya saba kwa sauti,
na kwenye saba mara nane, hamsini na sita,
mdomo wa tairi ukaachia, *fyuu*,
likatapika maji meusi yanukayo yai viza
mpaka kwenye viatu vyangu.

Maji ya kisima chetu, hayo. Ya chumvi.
Niliyajaza mwenyewe, trekta lipate uzito wa kuvuta jembe.
Mejumaa akaniambia, usilinyweshe hayo.
Nikamjibu, tairi halina ulimi.
Sasa naparura rimu kwa msasa
na chuma kinameguka vipande vipande
kama mkate mkavu.

Tyubu tumeitandaza juu ya mkeka wa zamani.
Viraka tisa.
Huu mwiba wa mgunga, huu msumari wa mabati,
huu sijui, huu sijui,
huu ni soli ya ndara, niliubandika kwa hasira
na bado umeshika.
Na ule mwekundu, wa tyubu ya baiskeli,
mviringo kamili.
Mejumaa aliuchora kwa mdomo wa kikombe, akaukata kwa mkasi wa kushonea,
akasema, ukikata pembe, pembe ndiyo itakayobanduka kwanza.

Tunaizamisha karaini, pande kwa pande.
Kasichana ndiye aliyeliona povu:
jembamba, lapanda kama uzi,
kidole kimoja kutoka kwenye ule mwekundu.
Nikakaa kimya. Nikakausha. Nikakwaruza. Nikapaka gundi,
nikangoja ikauke ishike kidole bila kukivuta.
Kiraka kipya kikalazimika kupanda ukingoni mwa kile chake.
"Chora kwa kikombe," nikamwambia mtoto.
"Kipi?"
"Chochote."
Akaleta kile kisicho na mkono.

Ndurya wa nyumba ya pili akaja na ushauri,
ushauri wake huwa hauna bei:
"Mwagia petroli kidogo, piga kiberiti,
tairi lakaa lenyewe, nimeona Miritini."
Ndani mna tyubu, wewe. Utaikaanga.
Na nyusi zako mbona hazilingani?
Akazishika. Akanyamaza. Akabaki kutazama.

Sabuni pande zote. Pampu ya mguu,
mimi mia, Kasichana hamsini, Ndurya kumi na tano na kikohozi.
Upande wa ndani ukaa mapema,
wa nje ukabaki umezama kidogo, umenuna.
Toa upepo. Paka tena. Lidundishe chini.
Jaza. Rudini nyuma, nasema rudini.

*Paa!*

Kuku wote wakapanda paa la choo.
Ndurya alikuwa chini, kifudifudi, mikono kichwani,
na mstari ule mwembamba kandokando ya rimu
umelingana pande zote
kama upindo wa kanga mpya.

Jioni akapita Kalume na mkokoteni,
maji matamu, mtungi shilingi thelathini.
Nikasema, shusha kumi na miwili.
"Mna arusi?"
"Tairi lina kiu."
Ndurya akajipangusa vumbi: "Wewe una wazimu.
Sisi twaoga ya chumvi, povu halitoki,
wewe wampa mpira maji ya kununua?"

Sikumjibu. Nilikuwa nashika mpira wa maji kwenye valvu,
Kasichana juu ya stuli akimimina polepole,
asimwage hata tone,
kama anayemnywesha mgonjwa.