Msumari wa Namba Nne

Karibu, Bwana Mbaruku. Saini hapa, na hapa.
Kabila acha wazi, siku hizi hawaulizi sana.
Unakotoka: Tanga.
Unakokwenda: umeandika "kuogelea."
Daftari hili nimelishika miaka kumi na mmoja,
hakuna aliyewahi kuandika hivyo.

Basi kabla sijakupa ufunguo, nisikilize kidogo.

Saa na pochi niachie, kabati la chuma lipo.
Si kwamba Luchelele kuna wezi kuliko kwenu,
ila suruali iliyoachwa peke yake juu ya jiwe
hata mtu mwema ataichungulia mfukoni.

Ufukwe uko pale, nyuma ya mabati ya kijani.
Oga palipo na mchanga mtupu.
Kwenye matete usiingie, hata maji yakitulia kama kioo:
kwenye matete kuna konokono,
kwa konokono kuna kichocho,
nacho hakibishi hodi. Utakijulia Tanga,
miezi mitatu baadaye, umesimama chooni.
Na ukiona matete yamelala kama godoro lililokaliwa,
hapo amepita kiboko. Usimfuate na simu yako.
Yeye hajui kama umelipa kiingilio.

Usicheke. Najua umekulia baharini.
Lakini kule chumvi ilikuwa inakubeba,
na wewe ukadhani ni ufundi wako.
Haya ni maji ya kunywa, bwana. Mepesi.
Hayamshiki mtu.

Atakuja kijana, Lubango, ana boti ya bluu,
atakwambia kisiwani ni elfu tano, kurudi bure.
Mwulize jaketi. Linalo, amelikalia.
Mwambie ainuke.
Livae, funga kamba zote tatu, uonekane mshamba.
Washamba wengi nimewamiminia chai asubuhi.

Na mchana, ukiwaona akina mama kule juu ya mawe
wanazoa dagaa mbiombio na bado hawajakauka,
usitazame mbingu uhakikishe.
Toka majini.

Bia sijakukataza. Inywe ukishatoka, si ukiwa unaingia.
Glasi uliyoiacha mezani ukaenda haja, imwage,
hata kama bado ina povu, hata kama roho inauma.
Usiku mpigie Masunga, ana pikipiki na ana akili,
vitu viwili ambavyo huku havitembei pamoja kila siku.
Namba yake iko nyuma ya risiti.

Unaniuliza mimi huogelea wapi.

Mimi siogelei.

Zile ndala za kahawia chini ya kaunta,
nimekuona umezitazama mara mbili.
Ni za mgeni wa namba nne. Si mwaka huu.
Alinisalimia kwa Kisukuma alichojifunza asubuhi ile,
"mwangaluka," usiku wa saa tano! Nikacheka.
Akasema anakwenda kunawa miguu tu.
Mwezi ulikuwa mkubwa, maji yamelala.
Mimi nilikuwa na hesabu za kufunga,
shilingi mia sita hazionekani,
nikamwambia, "Haya."
Neno moja. Haya.

Ndala zilikutwa juu ya jiwe,
zimepangwa pamoja, zinatazama ziwa.
Wenyewe hawajaja kuzichukua.
Zile mia sita nilizipata, zilikuwa chini ya daftari.

Tangu hapo maneno yangu ni mengi.
Wageni wananiita Nyanzala kasuku,
tajiri anasema nafukuza biashara.
Namwitikia, kisha anaingia mgeni mwingine
nami naanza upya: saa na pochi niachie.

Chumba usikiogope, chumba hakina kosa.
Neti nimeiziba jana kwa uzi mweusi.

Ufunguo huu hapa.
Ukitoka unaniachia, nautundika kwenye msumari ule.
Ukirudi jichukulie mwenyewe,
hata kama nimesinzia kitini, usiniamshe.
Nikishtuka usiku huwa siangalii saa.
Naangalia msumari.
Ukiwa mtupu,
nageukia upande wa pili.