Hakuna Badiliko

Sechelela ana makopo sitini na mawili
nyuma ya nyumba yake Ntyuka: ya rangi,
ya maziwa ya unga, ya samli, na sufuria moja
iliyotoboka kitako mwaka aliostaafu uuguzi.
Majirani hudhani anapanda dawa.
Wengine, kwa sauti ya chini, hudhani vingine.
Yeye anapanda miiba.

Jumamosi tunakutana, watu watatu na daftari moja.
Ndahani, mpima viwanja, huja na vumbi la Mtumba miguuni
na mfuko wa saruji begani. Ndani yake
mna vichwa alivyoviwahi asubuhi mbele ya katapila.
"Huyu alikuwa kiwanja namba mia na tisa,"
husema, kana kwamba anataja ukoo wa mtu.
Mimi kazi yangu kuandika.
Mwandiko ninao. Mkono wa kupanda sina.

Somo la kwanza Sechelela alinipa kwa sindano:
choma.
Ukitoka utomvu mweupe, huyo mwenyeji,
mnyaa au nduguye, jua hili ndilo lililomlea.
Likitoka chozi la maji tu, huyo dungusi kakati,
mgeni, alivuka bahari; mpe kiti.
Na usijifute jicho.

Ndahani alijifuta.
Usiku kucha tulimmwagia maji huku analaani
hadi mama yake mzazi wa mnyaa,
na alfajiri, jicho jekundu kama pilipili, akauliza:
"Lakini mmeandika ni mnyaa gani?"

Mwaka mzima tulibishania mshubiri mmoja
wa kwenye majabali ya Kilimatinde:
yale meupe majanini ni madoa, au ni vumbi?
Tukausugua kwa mswaki. Yakabaki.
Ndahani akasema mswaki wenyewe una vumbi.

Daftari linasema:
*Tarehe nne Machi. Hakuna badiliko.*
*Tarehe kumi na moja. Hakuna badiliko.*
*Tarehe kumi na nane. Jani la tatu limekunja ncha, au nimeota.*
*Tarehe ishirini na tano. Nimeota.*

Mvua ya kwetu ni mdeni: ahadi tele,
malipo Januari, tena nusu.
Kwa hiyo msiba ulipomwita Sechelela Manyoni wiki tatu
hatukuwaza maji. Nani awaze maji?
Akamwachia ufunguo Nyemo, mtoto wa jirani, miaka tisa,
akamwambia, "Niangalizie."

Nyemo aliangalia.
Kila jioni, kopo kwa kopo, kikombe kimoja kimoja,
hakumpunja yeyote.

Sechelela aliporudi, arobaini walikuwa wamelainika
kama papai lililosahaulika kabatini.
Ukigusa, kidole kinazama.
Mshubiri wa Kilimatinde ulilala ubavu,
na madoa yake, na ubishi wetu wote.
Nyemo kasimama mlangoni, anasubiri kusifiwa.

Niliona mdomo wa Sechelela ukifunguka.
Ndahani akageukia ukuta.
"Maji ulipata wapi, Nyemo?"
"Bombani. Nilipanga foleni."
"Na hela?"
"Ndoo ya kuoga. Yangu."

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, muda.
Kisha akachukua kopo moja la samli,
dungusi mdogo, duara, mkaidi, mzima,
akamwekea mtoto mikononi.
"Huyu wako. Kazi yako kutomfanyia kitu."
"Hata kidogo?"
"Hata kidogo."
Sijawahi kuona mtu akipewa adhabu kubwa hivyo
kwa sauti ya upole hivyo.

Tangu siku hiyo daftari lina mwandiko wa pili,
herufi kubwa, penseli iliyolambwa:

*JUMATATU. SIJAMWAGILIA.*
*JUMANNE. SIJAMWAGILIA.*
*JUMATANO. NIMEMWANGALIA TU.*

Kurasa kumi na moja za namna hiyo.
Ndahani anasema ndizo kurasa bora tulizonazo,
nami, mwenye mwandiko, nimenyamaza.

Jana nimefunua ukurasa wa mwisho:

*ALHAMISI. KIMETOKA KITU CHEKUNDU JUU.*
*SI MIMI.*