Bahasha ya Mwaka 1974

Heldur alionja uyoga kwa ncha ya ulimi,
akahesabu hadi ishirini, akatema.
Aliandika: "Mkali."
Au: "Mkali, lakini kwa kuchelewa."
Kwenye bahasha hii mwandiko wake umelala ubavu
kama nyasi zilizopigwa na mvua:
"Msitu wa Võru, chini ya misonobari, Septemba.
Kofia rangi ya tofali. Matamvua yamebanana.
Maziwa meupe; yakikaa kidogo, manjano.
Harufu ya unga uliosahauliwa kabatini."
Halafu jina la Kilatini, kwa wino mzito,
alilolitunga mwenyewe
kutoka jina la mkewe, Endla.

Nimeifungua kwa koleo.
Kilichobaki ni kipande kama sikio la panya,
chepesi, hakinuki unga wala chochote.
Nikamega punje,
nikaisaga, nikaiosha, nikaipasha, nikaipoza,
nikampa Taavet aitie mashineni
pamoja na nyingine arobaini za jina hilohilo,
zote Heldur alizichuma kwa mkono wake.

Mashine haionji. Haitemi.
Haikulowa viatu Septemba ile.
Inasoma herufi nne tu, A na T, G na C,
kama mtoto wa chuoni anayekariri asichokielewa
na haruki hata nukta.

Jumanne majibu yakaja.
Spishi moja ya Heldur ni tatu.

Nikadhani nimechanganya vichupa. Nikarudia.
Tatu tena: matawi matatu ya ukoo mmoja,
yaliyoachana kabla hajazaliwa mtu wa kuyapa majina,
na lile jicho, lililojua ukali na ukali wa kuchelewa,
lilipita juu yake miaka yote.

Jumamosi nikapanda basi kwenda Võru,
kwa Hilja, anayetia uyoga chumvi kwenye mapipa.
Nikamkuta na vikapu viwili.
Kwa nini viwili?
Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini ana miguu miwili.
"Huu wa misonobari, dakika kumi jikoni, umekwisha.
Ule hufuata mibetula. Uuchemshe mara mbili, umwage maji,
la sivyo wewe na tumbo lako mtakesha."
Na majina?
"Huu ni uyoga. Ule ni uyoga wa shemeji."
Mbona wa shemeji?
"Kwani nimpe nani?"

Nikarudi na vipande viwili ndani ya karatasi.
Vikapu vya Hilja vilikuwa sawa, herufi kwa herufi.

Ile ya tatu, hakuna.
Si Heldur, si Hilja.
Nikaikalia hadubini hadi macho yakatoa machozi:
spora zake, matuta yake, vimiiba vyake,
kurwa na doto na zile za misonobari.
Iko mara moja tu, katika vielelezo vyote arobaini na kimoja.
Iko ndani ya bahasha ya 1974.

Na sheria yetu ni hii: jina hubaki na kielelezo cha kwanza.
Basi uyoga wote ambao Heldur aliuita Endla,
mezani, darasani, kwenye barua za ugomvi na wenzake,
haukuwa Endla.
Endla ni huu mmoja, ambao hakuna aliyeuona tena.

Nilimpigia simu. Ana miaka tisini na moja.
Nilieleza vibaya, nikarudi nyuma, nikaeleza tena.
Akakaa kimya; nilisikia birika likianza kulia upande wake.
"Unalika?"
Sijui, nikasema. Umepatikana mara moja tu.
"Yeye alikuwa akiula," akasema,
"na mimi ndiye niliyeosha sufuria."
Akaenda kuzima jiko, hakurudi kwenye simu.

Kibandiko cha zamani hakibanduliwi. Kipya huwekwa chini yake.
Nimeandika tarehe, namba ya kichupa, jina langu,
kwa herufi ndogo, nikiyapisha maneno yake.
Kisha, sijui kwa nini,
nikainusa bahasha.