Tangi la Hesabu, Elburgon

Saa kumi na moja alfajiri, ukungu juu ya mizani.
Tabutany: lita saba na nusu.
Naandika; taa ya kisanduku yapepesa
"nimepokea," mtandao ungali usingizini.

Maziwa hungoja lori ndani ya tangi baridi.
Hesabu nazo zina tangi, hapa chini ya meza,
zisichache
hadi mnara wa Molo ukohoe.
Ndipo hupanda, zile mpya tu;
za jana zilishafika.

"Wingu lipi? Hili la mvua?"
Nacheka. Namsomea za jana, za juzi: bado zi karibu.
Lakini ile ya Machi, siku ng'ombe alipokufa,
imebaki huko juu tu. Nimeiita.

Tabutany anapindua debe tupu, analikalia.
Tunaingoja ishuke.