Hati ya Hali

Kwetu Cēsis tulimfungasha Jumanne asubuhi,
yule mwanamke anayemenya viazi,
picha ya upana wa dirisha la jikoni,
wala si maarufu. Wageni humpita
wakienda kuuliza choo kiko wapi.
Lakini Groningen wamemwomba kwa miezi minne,
na barua yao ilikuwa na adabu, na mhuri.

Karatasi isiyo na asidi kwanza, kisha plastiki,
kisha sponji iliyokatwa kwa kipimo chake
kama fundi viatu akatavyo soli,
kisha sanduku, skrubu kumi na sita.
Nilizihesabu kwa sauti, Ojārs akizikaza
kwa bisibisi ya mkono, si ya umeme:
umeme hutetemesha, na rangi ya miaka mia na kumi
ni ganda la yai lililojifunza kukaa kimya.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, husema watu.
Na mwenye nguo je?
Yeye husitiriwa na nini
ukuta wake ukibaki na mraba mweupe,
msumari, na kijikaratasi: Yuko safarini?

Sheria ya msindikizaji ni fupi:
usiliache sanduku.
Madereva ni wawili, hupokezana usukani;
mimi ni mmoja, sina wa kupokezana naye usingizi.
Nyuma ya lori nyuzi joto ishirini, unyevu nusu kwa nusu,
raha ambayo nyumba yangu haijaiona Januari hii.
Poland usiku kucha ni taa za vituo vya mafuta.
Tukisimama, mmoja huniletea supu ya kabichi,
naila wima, mgongo kwenye mlango wa lori,
kama kungwi mlangoni pa bibi harusi.

Tulipofika hatukufungua. Saa ishirini na nne
sanduku likae tu, lizoee hewa ya watu.
Nililala hotelini na buti miguuni.
Ndotoni aliniuliza: kisu changu umekiweka wapi?

Alhamisi. Wiebren, glavu za bluu, tochi.
Akailaza taa kando, karibu iguse turubai,
na kila kilichojificha kikatupa kivuli:
nyufa kama tope la dimbwi lililokauka,
kiraka cha mwaka wa vita,
tundu la msumari. Yote ninayo hatini. Nikawa nasoma,
naye anajibu, ndiyo, ndiyo, ndiyo,
mpaka kona ya chini kushoto, penye maganda ya viazi.
Hapo hakusema ndiyo.
"Huu mkwaruzo haumo. Ni mpya?"

Mlangoni madereva wakaangaliana.
Yule mdogo, Gintas, akavua kofia.
Nilijua bima ingelipa. Nilijua
kampuni ingetafuta mshahara wa kukata.
Na mkwaruzo wenyewe niliujua:
upana wa jiwe la pete.

Miaka kumi na tisa iliyopita, wiki yangu ya kwanza kazini,
nilikuwa mchumba wa mtu, pete ikinipwaya,
nikamgeuza peke yangu nimfute vumbi
kwa kuwa sikutaka kuonekana mtu wa kuomba msaada.
Hati zote tangu siku ile nimeziandika mimi.
Kila mwaka: kona ya chini kushoto, nzima.

Pete nilimrudishia mwenyewe kabla ya kiangazi.

"Ni wa zamani," nikasema. "Ni wangu."

Wiebren hakuinua uso. Akaniazima penseli,
maana wino hauruhusiwi karibu na picha,
nikaandika mwaka, nikaandika milimita tisa,
na kwenye safu ya chanzo nikaandika jina langu
kwa herufi kubwa, mkono ukitetemeka.
Gintas akavaa kofia, akatoka kuvuta sigara.

Jioni Ojārs akapiga simu: kafika mzima?
Kafika, nikasema.
Nikatia mkono mfukoni kutafuta funguo za chumba,
nikakuta penseli ya watu.