Sensa ya Nyuma

Mwalimu Ombuya kaja na Corolla yake kutoka Ahero,
magunia mawili ya mchele kwenye buti,
na kwenye dashibodi kipande cha utepe mweusi
kimebandikwa pale ilipo taa ya injini.
"Fundi wa kwanza," akasema, "aliitibu hivyo."

Nikaubandua. Taa ilikuwa ingali inawaka,
manjano, jicho la mgonjwa wa ini
aliyefunikwa shuka kabla hajafa.

Nikachomeka kifaa. Sifuri nne ishirini.
Akaiandika kiganjani
akauliza, ni alama juu ya ngapi?

Njoo chini, Mwalimu. Lalia hili gunia.
Sensa hii ya mbele hunusa pumzi ya injini
ikiwa bado moto. Mafuta yakizidi inapanda,
hewa ikizidi inashuka:
nukta tisa, nukta moja, nukta tisa, nukta moja,
haitulii, wala haikuumbwa itulie.
Halafu hili tumbo la chuma, lenye sega ndani.
Na nyuma ya tumbo, sensa ya pili,
ambayo siku njema ni ile isiyo na la kusema.

"Na kazi kama hiyo inalipwa?" akacheka,
vumbi la Kibos Road likimwingia kinywani.

Sikiliza. Sega ni kama mama mwenye ghala.
Hewa ikifurika, anaweka.
Hewa ikiadimika, anatoa alichoweka.
Anayeishi nyuma yake hajui wiki ya shibe wala ya njaa.
Ndiyo maana sensa ya nyuma huchora mstari mnyoofu,
nukta saba, nukta saba, uzi wa mwashi.
Ukiiona inaruka kama ya mbele,
hatua kwa hatua,
usiilaumu. Haijaharibika.
Inashuhudia kwamba katikati hapana mtu.

Nikawasha injini, nikamshikisha kifaa.
Mistari miwili, mwekundu na wa bluu,
ikapanda pamoja, ikashuka pamoja.
Nikaligonga tumbo kwa spana: debe, lile la methali.
Ubavuni, chini ya rangi ya fedha,
mshono wa kuchomelea, mpya kuliko gari.
"Niliiacha siku tatu kwa jamaa fulani," akasema polepole,
"mwaka jana, nilipokuwa na msiba."
Sega huuzwa kwa gramu, Mwalimu.
Vumbi lake lina bei kuliko mchele wako.

Sikumwambia kilichonijia nikiwa chini pale:
nyumba yetu karibu na Mbale,
baba akirudi leo na wimbo, kesho na fimbo,
na sisi chumba cha nyuma tukilala fofofo,
kwa sababu mlangoni alikaa mama.
Alipolazwa wiki mbili,
kaka yangu Agufana alimpiga mbwa teke
kwa mguu uleule, kwa tusi lilelile,
na majirani wakasema mtoto kaharibika.

"Hakuna dawa ya bei ndogo?"
Ipo. Kipande cha chuma, urefu wa kifundo cha kidole:
unaisogeza sensa ya nyuma mbali na moshi,
inanusa nusunusu, inasema saba,
kompyuta inaridhika, taa inazima.
Ninavyo vitatu kwenye kopo la kahawa.
Nimevifunga kwenye magari ya watu, sitajidai.
Lakini leo mkono ulikataa kufungua kopo.
Nikamtajia bei ya kichujio kamili.

Akaitazama mvua ikijikusanya upande wa Nandi.
Akahesabu kwa vidole: karo ya bintiye, mavuno, Desemba.
"Basi iache iwake," akasema. "Nitakuwa naiona."

Akaniachia kilo mbili za mchele kwa kazi ya kutazama.
Ule utepe ulibaki umenata kwenye dole gumba langu,
ukiokota nywele na mchanga,
mpaka nilipofunga.