Bili ya Pumzi

Pumzi ya Tarcísio siku hizi huja na bili.
Kila tarehe tano karatasi ya kampuni ya umeme
hupenyezwa chini ya mlango,
kana kwamba hewa ni kitu cha kukopeshana.
Mashine imeketi kando ya kitanda, inakoroma
kumshinda marehemu mkewe, asema,
na haikubali kugeuzwa ubavu.

Miaka thelathini na mmoja alichonga mawe ya watu:
vizingiti, masinki, misalaba ya makaburini.
Vumbi likaingia taratibu, mgeni asiyebisha hodi,
likajenga.
Na jioni, kwa mapafu hayohayo,
alipuliza bombadino katika bendi ya mji wetu
huku milimani Minas,
sauti nzito kama uji wa mahindi,
inayoushikilia muziki kwa chini
ili sisi wengine tujidai juu.

Jumamosi tulifunga barabara mbele ya kanisa la São Brás.
Bibi Adalgisa alileta keki nne.
Mwenye duka la dawa, baiskeli ya mwanawe aliyekwisha kua.
Padri alileta vipaza sauti, na kikohozi chake.
Mimi nililetwa na ngoma kubwa, kama kawaida:
ndiyo inayonibeba.

Kuku wa kuokwa akapigwa mnada.
Fundi viatu akamnunua, akamrudisha: "Muuzeni tena."
Walimu wa shule ya msingi wakachangishana,
wakamnunua, wakamrudisha.
Mara ya tano amekwisha poa, paja moja limelegea,
na bei bado inapanda.
Sijapata kuona kuku aliyechapa kazi hivyo
baada ya kufa.

Sasa, kile kipande.
Katikati ya machi yetu ya zamani kuna mapigo kumi na sita
ya bombadino peke yake.
Kiongozi wa bendi alikuwa ameamua
tuyaache kimya, kwa heshima.
Tarcísio, kwenye kiti cha magurudumu,
waya wa mashine ukikata barabara
hadi kwenye soketi ya duka la mikate,
akainua kidole.
Maneno yake ni machache sasa, kila moja analinunua.
"Sijafa. Kipigwe."
Akavuta hewa.
"Apige Ivanildo."

Watu wakatazamana.
Hawa wawili hawajasalimiana miaka kumi na minne,
ugomvi wa ukuta, shubiri mbili za mpaka,
na ukuta wenyewe ulishaangushwa na mvua.
Tena Ivanildo ni mtu wa tromboni;
bombadino hajaigusa tangu utotoni.

Akaipokea kama aliyekabidhiwa mtoto wa wenyewe.
Akaipangusa mdomo kwa shati.
Akapiga.

Sitadanganya: alipiga vibaya.
Pigo la sita lilimponyoka,
la tisa likatoka kama mlango wa zizi,
na mimi nyuma ya ngoma nikamwona Tarcísio
akikunja uso, akifumba macho, akikunja tena,
halafu mabega yakaanza kutikisika.
Nesi akakimbia. Mashine ikalia, pii, pii.
Kumbe anacheka.
Alicheka hewa ya mwezi mzima
pale pale, mbele ya keki.

Usiku tulihesabu kwenye kopo la biskuti:
sarafu, noti zenye harufu ya vitunguu,
hundi moja, kifungo cha shati.
Adalgisa akarudia hesabu kwa penseli.
Umeme wa miezi kumi na mmoja.
Hakuna aliyeutaja wa kumi na mbili.
Ivanildo alikuwa bado ameipakata bombadino.
"Lile pigo la sita," akasema, "linaniuma.
Jumatatu nitapita kwake anionyeshe."

Kuku tulimla sisi wahesabuji,
amepoa, kwa mikono,
na tulimlipia tena.